Kuni Kavu na Bei ya Haki: Somo Kutoka Mwisenge, Musoma

Kata ya Mwisenge, mjini Musoma, inajulikana kwa shule ambayo Mwalimu Julius Nyerere alianzia masomo yake mwaka 1934. Makala hii inahusu jambo dogo zaidi, ambalo hata hivyo hugusa mifuko na vifua vya watu wengi wa mji huo na wa vijiji vya Bunda na Butiama: biashara ya kuuza kuni zilizokaushwa vizuri. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba katika biashara hii swali la kisayansi na swali la haki ni moja. Mtu anaponunua kuni, ananunua nini hasa: mti, maji au joto?

Yafaa kukumbuka kwanza kwa nini kuni zina uzito katika maisha ya watu wa kando ya Ziwa Viktoria. Mbali na chakula cha nyumbani, kuni zimetumika miaka mingi katika kazi ya samaki. Dagaa huweza kuanikwa juani wakakauka. Sangara, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuongezeka mno katika miaka ya 1980, ni samaki mkubwa mwenye mafuta mengi, naye haanikiki hivyo. Huhitaji kukaangwa au kubanikwa kwa moto na moshi. Basi kila mwenye chungu na kila mwenye tanuri la samaki ni mnunuzi wa joto, ingawa sokoni haombi joto bali huomba fungu la kuni.

MAJI YALIYOMO NDANI YA UKUNI

Mti ulio hai ni mfumo wa kupandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Unapokatwa, maji hayo hubaki ndani yake. Katika miti mingi mibichi, karibu nusu ya uzito wote ni maji. Maji hayo yapo katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni maji huru, yaliyojaa katika nafasi zilizo wazi ndani ya seli. Sehemu ya pili ni maji yaliyoshikwa katika kuta za seli zenyewe. Maji huru hutoka kwanza, na hutoka kwa wepesi. Yakiisha, huanza kutoka yale yaliyoshikwa, na hayo hutoka kwa taabu zaidi. Mpaka kati ya hatua hizi mbili hufikiwa maji yanapobaki kiasi cha asilimia 30 ya uzito wa ukuni uliokauka kabisa.

Hapa yapo mambo mawili ambayo mwanafunzi asiyachanganye. Unyevu wa kuni hutajwa kwa vipimo viwili. Kipimo cha kwanza hulinganisha maji na uzito wote wa ukuni, yaani maji pamoja na mti. Kipimo cha pili hulinganisha maji na uzito wa mti mkavu peke yake. Ukuni wenye gramu 500 za maji na gramu 500 za mti mkavu una unyevu wa asilimia 50 kwa kipimo cha kwanza na asilimia 100 kwa kipimo cha pili. Wataalamu wa mbao hupenda kipimo cha pili. Watu wa nishati hupenda cha kwanza. Katika hesabu za bei hapa chini tutatumia kipimo cha kwanza.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba ukuni hauanzi kunywea mpaka maji huru yaishe. Kwa hiyo ukuni ulioshuka kutoka asilimia 50 hadi asilimia 20 huwa umepoteza sehemu kubwa ya uzito wake, lakini ukubwa wake hubaki karibu uleule. Hii ndiyo sababu jicho hudanganyika. Mafungu mawili yaliyo sawa kwa kimo na upana yanaweza kuwa na tofauti kubwa sana ya maji.

HESABU YA JOTO

Kilo moja ya mti uliokauka kabisa, uwe mgunga, mkaratusi au mvinje, hutoa joto linalokaribia megajuli 18.5. Megajuli moja ni juli milioni moja. Tofauti kati ya mti mzito na mti mwepesi iko zaidi katika kiasi cha mti kilichomo ndani ya fungu lenye ukubwa ule ule. Kilo kwa kilo, miti mikavu hukaribiana sana. Kwa upande mwingine, kila kilo ya maji iliyomo ndani ya ukuni hula kiasi cha megajuli 2.4 ili igeuke mvuke na kutoka.

Tuchukue kilo moja ya kuni mbichi zenye unyevu wa asilimia 50. Ndani yake mna nusu kilo ya mti mkavu, yenye megajuli 9.25. Nusu kilo ya maji itakula megajuli 1.2. Hubaki kiasi cha megajuli 8. Sasa tuchukue kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20. Mti mkavu ni gramu 800, wenye megajuli 14.8. Maji gramu 200 yatakula karibu megajuli 0.5. Hubaki megajuli 14.3. Kwa hiyo kilo ya kuni kavu hutoa joto karibu mara 1.8 ya lile la kilo ya kuni mbichi.

Hata hivyo hesabu hii haijasema yote. Ukuni hauungui wote kama kaa la moto. Zaidi ya theluthi mbili ya uzito wa ukuni mkavu hugeuka gesi kwanza, nazo gesi hizo ndizo hutoa ndimi za moto. Ili ziungue sawasawa, sharti pawe na joto kali na hewa ya kutosha. Maji yanapokuwa mengi, moto hupoa, gesi haziungui, nazo huondoka kama moshi mzito, masizi na lami. Moshi huo ni sehemu ya ukuni ambayo mnunuzi ameilipia lakini haikumpikia. Badala yake imeingia machoni na mapafuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo zaidi na moto wa kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kuni kavu hupunguza moshi huo, lakini haziumalizi. Mwalimu asiwafundishe wanafunzi vinginevyo.

BEI YA HAKI

Sasa tufike sokoni. Tuchukulie kwamba mfanyabiashara wa Mwisenge ana kuni mbichi zilizopangwa vizuri, zenye ukubwa wa mita moja ya ujazo pamoja na nafasi za hewa katikati. Tuseme zina uzito wa kilo 720, na nusu yake ni maji. Mti mkavu uliomo ni kilo 360. Kuni hizo zikikauka hadi asilimia 20, uzito wake utakuwa kilo 450. Kilo 270 za maji zimeondoka. Maji hayo yangejaza ndoo 13 na nusu za lita 20.

Iwapo kuni mbichi huuzwa kwa shilingi 100 kwa kilo (bei hii ni ya mfano tu), fungu lote bichi lingeleta shilingi 72,000. Akizikausha kisha akaziuza kwa bei ileile ya shilingi 100, atapata shilingi 45,000. Yaani amefanya kazi ya ziada kwa miezi kadhaa ili apate hasara ya shilingi 27,000. Ndiyo maana, mahali ambapo mizani ndiyo hutawala bila elimu ya unyevu, muuzaji huvutwa auze kuni zikiwa bado zinatiririka maji. Si lazima awe mwizi. Kipimo chenyewe humwadhibu anayekausha.

Bei isiyomtia hasara ni ile inayogawa 720 kwa 450, yaani mara 1.6 ya bei ya kuni mbichi. Katika mfano wetu ni shilingi 160 kwa kilo. Tumekwisha kuona kwamba joto la kilo kavu ni karibu mara 1.8 ya lile la kilo mbichi. Basi kati ya 1.6 na 1.8 ipo nafasi ambamo muuzaji na mnunuzi wote wawili hupata faida. Tuseme bei iwe shilingi 170. Muuzaji atapata shilingi 76,500, ambazo ni 4,500 zaidi ya bei ya fungu bichi. Mnunuzi wa kuni mbichi hupata megajuli 80 kwa kila shilingi 1,000. Mnunuzi wa kuni kavu hupata megajuli 84, tena kwa moto mwepesi kuwaka na wenye moshi mchache. Aliyenyimwa hapa ni maji peke yake.

Kanuni ya jumla ni rahisi kukumbuka. Toa unyevu wa kuni kavu katika 100. Toa unyevu wa kuni mbichi katika 100. Gawa jibu la kwanza kwa la pili. Utapata idadi ya mara ambazo bei ya kilo yapaswa kupandishwa ili muuzaji asipungukiwe.

Kuni zinapouzwa kwa fungu au kwa mkokoteni, mambo hugeuka. Fungu halipungui sana kwa kukauka, kwa hiyo muuzaji hapati hasara ya uzito. Lakini pia hapati malipo ya kazi yake, isipokuwa mnunuzi ajue kutofautisha. Hapo elimu ya mnunuzi ndiyo mizani. Katika nchi nyingine jambo hili limewekewa sheria. Uingereza, kwa mfano, tangu tarehe 1 Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa kiasi kilicho chini ya mita 2 za ujazo sharti zithibitishwe kuwa na unyevu usiozidi asilimia 20. Sisi hatuna haja ya kungoja sheria ya namna hiyo ili tuanze kupima.

Faida nyingine, nayo huenda ikawa kubwa kuliko ya kwanza, ni ya usafiri. Kuni zikikaushwa shambani kabla ya kuletwa mjini, chombo hubeba kilo 450 badala ya 720. Iwapo nauli ni shilingi 20 kwa kilo, gharama hushuka kutoka 14,400 hadi 9,000. Anayesafirisha kuni mbichi kutoka vijijini hadi Mwisenge analipia safari ya ndoo 13 na nusu za maji kuyaleta katika mji ulio kando ya ziwa.

NAMNA YA KUKAUSHA

Wahenga wetu waliweka kuni juu ya uchaga, juu ya meko, nao wakatunga methali kuhusu kuni za uchagani zinazozicheka zilizo motoni. Walijua kwamba joto na hewa inayopita ndivyo vikaushavyo. Mfanyabiashara hahitaji zaidi ya elimu hiyo, ila aitumie kwa vipimo vikubwa na mbali na moto.

Kwanza, akate vipande vifupi. Maji hutembea ndani ya mti kwa kufuata urefu wa nyuzi zake upesi zaidi sana kuliko kupenya ubavuni. Kipande kifupi hupunguza safari hiyo. Pili, achanje. Gome huzuia maji yasitoke. Ukuni uliochanjwa huonyesha hewani ubavu usio na gome. Kuchanja ni rahisi zaidi mti ukiwa bado mbichi. Tatu, ainue kuni kutoka ardhini kwa kutandika mawe au magogo chini yake, ili hewa ipite na mchwa wasipate njia. Nne, apange safu moja moja, zikielekea upepo, na kati ya safu na safu aache nafasi ya kupita mtu. Rundo lililotupwa ovyo hukauka nje na kuoza katikati. Tano, afunike juu tu. Turubai lililofunika hadi chini hufungia mvuke ndani, na kuni huota ukungu.

Ukuni ukiachwa hewani haukauki hadi sifuri. Hufika mahali ukatulia, ukipokea unyevu na kuutoa kwa kufuata hali ya hewa. Katika hewa yenye joto la sentigredi 25 na unyevu wa asilimia 65, ukuni hutulia penye maji ya kiasi cha asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Kwa hiyo lengo la asilimia 20 ya uzito wote linafikika bila tanuri, kwa jua na upepo.

Musoma ina bahati katika jambo hili. Mji uko karibu digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta, na mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Kipindi cha Juni hadi Septemba huwa kikavu, kati ya mvua za masika za Machi hadi Mei na mvua za vuli za mwisho wa mwaka. Kuni zilizokatwa na kuchanjwa mwanzoni mwa Juni zikapangwa vizuri zaweza kuwa tayari baada ya miezi miwili hadi minne, kwa kutegemea unene na aina ya mti. Basi mfanyabiashara mwenye kuona mbele huuza jua la Julai wakati wa mvua za Novemba, ambapo kila mtu hutafuta ukuni mkavu.

MTAJI ULIOLALA

Kwa nini basi wengi hawafanyi hivyo? Jibu halimo katika fizikia. Tuseme mtu huuza mita moja ya ujazo kwa juma, na kuni zahitaji majuma 12 kukauka. Kabla ya kuuza ukuni wa kwanza, sharti awe amekwisha kuweka mita 12 za ujazo. Iwapo kila mita imemgharimu shilingi 40,000, atakuwa amelaza shilingi 480,000. Mwenye watoto wanaosubiri ada na chakula cha jioni hawezi kungoja. Huuza kuni mbichi kwa sababu jioni hiyo anahitaji fedha.

Njia ya kutoka ni kuanza kidogo kidogo. Katika kila mizigo minne atenge mmoja wa kukausha, na faida yake asiile bali aiongeze katika akiba ya kuni. Wenzake wakiungana katika kikundi, wanaweza kushirikiana kiwanja, turubai na mlinzi. Kila safu iandikwe tarehe ya kuchanjwa, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Daftari lionyeshe aina ya mti, uzito wa siku ya kuingia, uzito wa siku ya kuuzwa, na gharama za kununua, kuchanja, kusafirisha na ushuru. Mizani itumiwayo katika biashara sharti iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

KUPIMA UNYEVU SHULENI

Jaribio hili laweza kufanywa katika maabara yoyote yenye mizani ya gramu na tanuri dogo.

1. Chagua ukuni katika rundo. Ukate katikati, si mwishoni, kwa kuwa ncha hukauka mapema na kudanganya. Pata kisahani chembamba.
2. Kipime mara moja. Tuseme ni gramu 120.
3. Kiweke katika tanuri lenye joto la sentigredi 103 hadi 105. Kipime tena na tena hadi uzito usibadilike. Kwa kawaida siku moja hutosha. Tuseme ni gramu 84.
4. Maji yaliyotoka ni gramu 36. Kwa kipimo cha kwanza unyevu ni 36 kwa 120, yaani asilimia 30. Kwa kipimo cha pili ni 36 kwa 84, yaani karibu asilimia 43.

Shule isiyo na tanuri ichague kuni tano, izitie alama, izirudishe ndani ya rundo, na izipime kila juma. Wanafunzi wachore grafu ya uzito dhidi ya majuma. Mstari utashuka kwa kasi mwanzoni, kisha utalala. Ukilala, kuni zimefikia mapatano na hewa ya mahali hapo.

Dalili za mikono nazo zina faida: nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka, wepesi, na mlio mkali kuni mbili zinapogonganishwa. Lakini hizo ni dalili tu. Grafu ndiyo shahidi.

MIPAKA YA BIASHARA HII

Kuni kavu si ruhusa ya kukata ovyo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu, na mfanyabiashara apaswa kupata maelekezo ya vibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu na kwa halmashauri yake. Ni heri kununua kwa wakulima waliopanda miti kuliko kumaliza vichaka vya vilimani. Vilevile mnyaa, ambao wengine huuita manyara, usiingizwe katika kuni: utomvu wake huumiza macho na ngozi, na moshi wake huwasha.

Tena soko linabadilika. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku zimeagizwa ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mwenye biashara ya kuni asijenge matumaini yake juu ya jiko la shule. Lakini kaya nyingi na wabanikaji wa samaki wengi bado watawasha kuni kesho asubuhi. Madhali watawasha, ni haki yao kununua joto na si maji, na ni faida ya sote kwamba mti mmoja ufanye kazi ambayo leo hufanywa na mti mmoja na sehemu ya wa pili.

MAZOEZI

1. Kuni zenye unyevu wa asilimia 40 ya uzito wote zimekaushwa hadi asilimia 20. Bei ya kilo ipandishwe mara ngapi ili muuzaji asipungukiwe? (Jibu: 80 kwa 60, yaani mara 1.33.)
2. Joto la kilo moja ya kuni hizo limeongezeka mara ngapi? (Jibu: kutoka megajuli 10.1 hadi 14.3, yaani karibu mara 1.4.)
3. Jadilini darasani: katika soko la karibu nanyi, kuni huuzwa kwa fungu au kwa kilo? Je, kipimo hicho humlipa anayekausha au humwadhibu?